Siku moja chini ya jipu kuukuu

Saa mbili asubuhi. Jipu liko juu ya stendi, tairi za nyuma nimeshazitoa. Leo nabadilisha shokamzoba za nyuma, zile zinazopunguza mtikiso wa gari. Bolti zao nne za juu nilizilowesha mafuta ya kutu tangu jana, yapate usiku mzima wa kupenya. Mwenye gari nimemwambia ni kazi ya saa moja. Mdomo huu!

Saa tatu. Mbili zimetoka, kwa kulegeza kidogo, kukaza, kulegeza tena, zikilia kama bawaba ya geti. Ya tatu ikazunguka kimya, laini. Kijana wangu wa spana akafurahi: "Imekubali, fundi!" Mimi nikajua imekwisha. Bolti yenye kutu ikitoka hupiga kelele. Inayokatika ndiyo hunyamaza. Kichwa kikabaki ndani ya soketi.

Saa nne hadi saa nane nimelala chali. Nati yake imechomelewa ndani ya chesisi, spana haifiki, na kisiki cha bolti kimekatika sawa na bati, hakuna pa kushika. Ningechomelea nati juu yake, maana lile joto lenyewe huilegeza kutu, lakini tangi la mafuta liko pale pale. Moto hapana. Vile vyuma vya kung'olea visiki sivitaki pia: chuma hicho ni kigumu, kikikatikia ndani, keekee haikitoboi. Basi nikasawazisha kwa tupa, nikapiga alama katikati, keekee ya milimita 3, kisha 5, kisha 6.8, kwa kuwa bolti ni ya milimita 8 na sitaki kula nyuzi za nati. Mwanzo hudondoka unga mwekundu. Ukiona chuma kinatoka kimejikunja, cheupe, kinang'aa, umeingia kwenye bolti yenyewe. Hapo punguza mwendo, tia mafuta, na miwani usiivue hata ikijaa jasho. Mwisho nikapitisha tepu, kile chuma cha kuchongea nyuzi, kuzisafisha nyuzi za nati.

Ya nne nikamwachia kijana. Robo mzunguko mbele, robo nyuma, mafuta. Dakika arobaini. Ikatoka nzima, na hakusema neno mpaka alipoishika mkononi.

Saa kumi tumefunga shokamzoba mpya, bolti zimepakwa grisi ya shaba. Zile za chini zenye bushi za mpira nimezikaza gari likiwa limesimama kwa tairi zake. Ukizikaza linaning'inia, mpira hubaki umejipinda na kuchanika mapema.

Saa kumi na mbili jioni, nimeshaoga, na bado natoa kutu sikioni.