Blokucheni serikalini: kwanza uliza nani anaandika daftari

Ofisi ya umma inapoanza kuzungumzia blokucheni, yaani daftari la kidijitali ambalo maingizo yake hufungwa pamoja kama mnyororo na nakala zake hutunzwa na kompyuta nyingi, watu hukimbilia bei na mzabuni. Swali la kwanza ni jingine: nani ana haki ya kuandika kwenye daftari hili, na nani hamwamini nani? Kama mwandishi ni ofisi moja tu, tena kwa mujibu wa sheria, kanzidata ya kawaida inatosha. Ukiweka nodi zote, yaani kompyuta zinazotunza nakala hizo, kwenye chumba kimoja cha seva chini ya msimamizi mmoja, umenunua kanzidata ya polepole.

Tazama masjala ya ardhi ya Georgia, nchi ya Caucasus, iliyoanza kazi hii na Bitfury, kampuni ya teknolojia ya blokucheni, mwaka 2016. Masjala yenyewe haikuhamishwa. Kilichopelekwa kwenye mtandao wa Bitcoin ni heshi, yaani alama fupi inayokokotolewa kutoka kwenye faili. Kwa SHA-256, kanuni mojawapo ya kukokotoa heshi, faili la ukubwa wowote hutoa tarakimu na herufi 64. Badilisha nukta moja ya hati, alama nzima inageuka. Kwa hiyo mtu akichezea jina la mmiliki baadaye, atabainika. Lakini hati ya kughushi ikipokelewa dirishani siku ya kwanza, itatunzwa salama salimini. Na kama shida yenu ni kumbukumbu kuchezewa tu, kokotoeni heshi ya daftari kila jioni na kuichapisha mahali ambapo ofisi yenu haiwezi kufuta, mathalani kwenye Gazeti la Serikali. Itatosha kwenye mstari mmoja.

Angalizo kuhusu taarifa binafsi: heshi ya namba ya kitambulisho pekee haifichi kitu. Namba ya tarakimu 8, kama zilivyo nyingi za Kenya, ina uwezekano usiozidi milioni 100. Kompyuta ya mezani huzijaribu zote kwa dakika chache. Changanya kwanza na namba nasibu ya siri, na jina la mtu lisiingie kwenye mnyororo kabisa.

Blokucheni inafaa pale penye waandishi wengi wasio na bosi mmoja. Mwaka 2014 kampuni ya meli za mizigo ya Maersk ilifuatilia shehena ya bidhaa za baridi kutoka Afrika Mashariki hadi Ulaya, ikakuta karibu watu na taasisi 30 na mawasiliano zaidi ya 200. Kutokana na kazi hiyo ilizaliwa TradeLens, mfumo wa blokucheni wa kufuatilia shehena wa Maersk na kampuni ya kompyuta ya IBM, na hata huo ukatangazwa kufungwa Novemba 2022 kwa kukosa ushirikiano wa kutosha wa sekta nzima. Teknolojia ilikuwepo, washindani hawakukubaliana.

Basi mkataba uandikwe kabla ya programu. Kuvumilia nodi moja inayodanganya kunahitaji nodi 4 kwa uchache, kwa hiyo tafuteni taasisi 4 ambazo kila moja ina seva yake, fundi wake na fungu lake la bajeti. Kisha amueni amri ya mahakama ya kubatilisha ingizo itatekelezwaje. Halifutwi, huongezwa ingizo jipya la kulibatilisha, na lazima ijulikane mapema nani atalitia sahihi.