Bill Walton, na kijana wa kikapu Kigoma anayetaka kutangaza

Kijana aliyecheza kikapu akitaka kuingia redioni, swali lake la kwanza huwa kifaa: maiki gani, simu gani, spika gani za masikioni. Kifaa hupatikana. Kinachokosekana ni mdomo uliofanyishwa mazoezi kama mkono ulivyofanyishwa. Na kwa jambo hilo sijui mfano ulio wazi kuliko Bill Walton, senta (mchezaji mrefu wa chini ya ringi) wa Kimarekani mwenye urefu wa mita 2.11, aliyekuwa na kigugumizi kikali hadi alipofikisha miaka 28, kisha akaja kula kwa kuongea kwenye televisheni. Alifariki tarehe 27 Mei 2024 akiwa na miaka 71.

Alizaliwa La Mesa, California, Novemba 1952. Akiwa Chuo Kikuu cha UCLA alitwaa ubingwa wa vyuo vya Marekani mara mbili mfululizo, 1972 na 1973. Fainali ya 1973 dhidi ya Memphis State inatajwa hadi leo: alirusha mara 22, mitupo 21 ikaingia, akamaliza na pointi 44. Mwaka 1974, timu za NBA, ligi ya kulipwa ya Marekani, zilipochagua wachezaji wapya, Portland Trail Blazers walimchukua wa kwanza kabisa. Mwaka 1977 timu hiyo ilipoteza mechi mbili za mwanzo za fainali ya NBA mbele ya Philadelphia 76ers, ikashinda nne zilizofuata. Katika mechi ya sita, iliyomaliza kazi, Walton alikuwa na pointi 20, ribaundi 23 (mipira aliyoidaka baada ya mtupo kukosa), asisti 7 (pasi zilizozaa kikapu) na mitupo 8 aliyoizuia. Msimu uliofuata akatajwa mchezaji bora wa ligi nzima.

Halafu miguu ikamkataa. Mfupa wa mguu wake wa kushoto ulivunjika mwaka 1978. Msimu wa 1978–79 hakucheza hata dakika moja. Uliofuata, akiwa San Diego Clippers, alicheza mechi 14. Misimu miwili iliyokuja baada ya hapo ni sifuri tupu. Alirudi taratibu, na mwaka 1985–86 Boston Celtics walimtumia katika mechi 80, karibu zote kutoka benchi, akapata tuzo ya mchezaji bora wa akiba na pete ya pili ya ubingwa. Maisha yake yote ya NBA ni mechi 468 za msimu wa kawaida, idadi ndogo sana kwa mchezaji wa daraja lile.

Naomba msomaji aiangalie vizuri ile misimu miwili ya sifuri, maana ndiyo kipindi alichokutana na Marty Glickman.

Glickman naye alikuwa mwanamichezo kabla ya kuwa mtangazaji. Alikuwa mkimbiaji wa mbio fupi aliyefika Olimpiki ya Berlin ya 1936, akaondolewa dakika za mwisho kwenye kikosi cha kupokezana vijiti pamoja na Sam Stoller, wote wawili wakiwa Wayahudi. Baadaye akawa sauti ya timu ya kikapu ya New York Knicks redioni, na ndiye aliyewafundisha watangazaji wa kikapu wa Marekani kuuchora uwanja kwa maneno ili msikilizaji ajue mpira uko wapi. Alichomwambia Walton ni kwamba kuongea ni ufundi, mtu hazaliwi nao, na ufundi hupatikana kwa mazoezi yaliyopangwa. Akampa mambo machache ya kuanzia: punguza kasi na ujue unachotaka kusema kabla hujafungua mdomo, soma kwa sauti, tafuna bablishi isiyo na sukari ili kuimarisha misuli ya taya, zitambue sauti zinazokukwamisha uzifanyie kazi moja moja.

Walton aliyapokea hayo kama mchezaji. Kocha wake pale UCLA, John Wooden, alikuwa akianza msimu kwa kuwafundisha vijana wake kuvaa soksi: ilainishwe mpaka mkunjo wote uishe, kisha kamba za viatu zikazwe tundu kwa tundu, kwa sababu mkunjo huleta lengelenge na lengelenge hukosesha mazoezi. Wooden alifundisha kila kitu kwa mpangilio uleule: eleza, onyesha, mwanafunzi aige, halafu rudia, rudia, rudia. Walton akaupeleka mpangilio huo kinywani mwake. Miaka ya 1990 alikuwa mchambuzi wa televisheni ya NBC, kuanzia 2002 akawa kwenye vituo vya ABC na ESPN, na baada ya mgongo kumlaza kwa muda alirudi kutangaza michezo ya vyuo vya pwani ya magharibi.

Sasa tuje nyumbani. Kijana anayecheza kwenye uwanja wa saruji wa shule hapa Kigoma, iwe Ujiji, Mwanga au Gungu, au mwenzake wa Tabora anayejiandaa kwa UMISSETA, michezo ya shule za sekondari, anaweza kuanza mpango huohuo bila senti.

Soma gazeti kwa sauti dakika 10 kila asubuhi, umesimama, mgongo umenyooka. Usisome kwa haraka. Kila penye nukta, funga mdomo kabisa na uvute pumzi kwa pua. Anayeruka nukta wakati wa kusoma ndiye anayeishiwa pumzi katikati ya shambulizi akiwa hewani, na msikilizaji huisikia ile pumzi ya juu juu kabla hajasikia jina la mfungaji. Kwetu huku sauti za l na r zinawachanganya wengi, na katika kikapu hakuna pa kujificha kwa sababu maneno ya kazi yamejaa hizo mbili: kulia, analeta, anarusha, anarudi, ribaundi. Tunga sentensi tano zenye mchanganyiko huo, uziseme polepole mara kumi, kisha kwa kasi ya mchezo. Ukiteleza, rudi kwenye mwendo wa polepole. Usilazimishe kasi.

Mwenye kigugumizi asikae pembeni. Azoee kuanza sentensi kwa sauti laini kuliko kuisukuma herufi ya kwanza kwa nguvu, na asibadilishe neno kila anapohisi litamkwama, maana ukilikwepa leo kesho litakuwa gumu zaidi.

Baada ya mdomo ni uwanja. Msikilizaji wa redio Kibirizi anayepanga migebuka yake huenda hajawahi kuona ringi. Ukimwambia "mpira uko kwa namba saba" hujamwambia kitu. Kwa hiyo mchezo unapoanza, mpe ramani: uwanja una urefu wa mita 28 na upana wa mita 15, ringi iko mita 3.05 kutoka ardhini, mstari wa pointi tatu uko mita 6.75 kutoka kwenye kikapu, na lile eneo lililochorwa chini ya ringi lina upana wa mita 4.9. Itaje ramani hiyo mwanzoni, uirudie kwa kifupi mapumziko yakiisha, kwa sababu wako waliofungua redio katikati.

Kisha chagua majina matano ya sehemu usiyoyabadilisha mchezo mzima. Mimi napendekeza haya: kati ya uwanja, juu ya duara, pembeni, kona, na chini ya ringi. Ongeza kulia na kushoto, siku zote kwa jicho la anayeshambulia. Pande mbili za uwanja zipe alama ambayo kila mtu mjini anaijua: "upande wa ziwani" na "upande wa barabarani", au kwa Tabora "upande wa stesheni". Kosa linalowaharibia wengi hutokea robo ya tatu. Timu hubadilishana magoli baada ya mapumziko makubwa, mtangazaji anasahau kusema, na kwa dakika nzima msikilizaji anaamini timu yake inashambulia kumbe inashambuliwa. Andika kwa kalamu kubwa juu ya karatasi yako: WAMEBADILI UPANDE.

Kiswahili chetu kina vitenzi virefu na kikapu hakisubiri. Timu ina sekunde 24 za kurusha, na ikiokota ribaundi ya kushambulia mpira ukiwa umegusa ringi inapewa 14 tu. Ukisema "mchezaji namba saba wa timu inayoshambulia amemrushia mpira mchezaji mwenzake", mpira umeshafungwa upande wa pili. Kata hivi: "Saba, juu ya duara. Anadunda kulia. Pasi kona, kwa Kumi na Moja. Anarusha… umo! Ishirini na moja kwa kumi na nane." Mahali, kitendo, matokeo, hesabu. Hesabu itajwe baada ya kila kikapu, timu inayoongoza ikitajwa kwa jina angalau kila kikapu cha tatu, na kila filimbi inaposimamisha mchezo taja mambo matatu kwa pamoja: hesabu, robo, muda uliobaki. Robo ya sheria za FIBA, shirikisho la kikapu la dunia, ni dakika 10, lakini mashindano ya mitaa mara nyingi hufupisha, kwa hiyo muulize mwamuzi wa meza kabla hujaingia hewani. Muulize pia hesabu ya faulo za timu, kwani kuanzia ya tano ndani ya robo mtu hupewa mitupo huru miwili hata kama hakuwa anarusha, na asiyeijua hesabu hiyo ataonekana hewani kama aliyeshtukizwa.

Hapo bado ni kazi ya mtangazaji mkuu. Aliyewahi kucheza kwa kawaida huitwa kuwa mchambuzi, na hiyo ndiyo iliyokuwa nafasi ya Walton. Nafasi ya mchambuzi ni finyu kuliko watu wanavyodhani. Kikapu kikishafungwa, timu iliyofungwa ina sekunde 8 za kuvusha mpira katikati ya uwanja. Humo ndimo mchambuzi anaingia, na mpira ukivuka anyamaze. Sekunde 8 zinatosha sentensi mbili fupi. Ya kwanza iseme kwa nini: "Mlinzi alimfuata mwenye mpira, akamwacha mtu wa kona." Ya pili iseme nini kifanyike au nini kinakuja: "Wasipobadilishana mapema, kona hiyo itawaua." Mtangazaji ameshasema kwamba mpira umeingia. Mchambuzi akirudia "ameingiza vizuri sana" amepoteza nafasi yake, na mbele ya msikilizaji mjuzi amepoteza heshima.

Wachezaji wa zamani wana ugonjwa mwingine, wa kuanza kila maelezo na "enzi zetu". Liruhusu mara moja kwa mchezo, pale ambapo uzoefu unaeleza jambo ambalo jicho haliwezi kuliona, kama vile maumivu ya kutua kwenye saruji baada ya ribaundi. Zaidi ya hapo watu wanazima redio. Na ukiwa umechezea mojawapo ya timu zilizo uwanjani, liseme mwanzoni kabisa, halafu sifa za timu ile nyingine zipime kwa mizani ileile.

Viwanja vyetu viko wazi, na Kigoma mchana unapoelekea jioni upepo hutoka ziwani. Upepo ukipiga maiki unasikika redioni kama ngurumo na unameza herufi laini. Vaa maiki soksi ya sponji, ishike upana wa vidole vinne kutoka mdomoni, kidogo upande, isiwe mbele moja kwa moja, ili p na b zisipasuke. Kaa usawa wa mstari wa katikati, ukiweza juu ya meza au ngazi, upepo ukiwa mgongoni. Usikae nyuma ya ringi: hutaona umbali, na utaita pointi tatu mtupo ambao mguu ulikanyaga mstari. Kama matangazo yanapita kwa simu kwenda studio, zima arifa zote, beba benki ya umeme, na uwe na simu ya pili ya laini tofauti yenye namba ya fundi mitambo. Mtandao ukikatika, mtu wa studio aelezwe mapema aweke nini hewani. Kimya cha ghafla kinamfanya msikilizaji ahamie kituo kingine.

Orodha ya wachezaji ichukuliwe nusu saa kabla, na kila jina litamkwe mbele ya mwenyewe. Mkoa huu una majina ya Kiha, ya Kirundi na ya Kikongo, na anayeyakisia huwaudhi wazazi waliokaa redioni kumsikiliza mtoto wao.

Jambo moja la Walton nisingependa liigwe na anayeanza. Alipokomaa alipenda kutoka nje ya mchezo kabisa, akazungumzia muziki, milima na mito huku mpira ukiendelea, na kumpandisha mchezaji wa kawaida hadi mbinguni kwa sifa. Wengi walimpenda kwa hilo, wengine walikereka. Aliweza kwa sababu ilikuwa televisheni: mtazamaji aliuona mpira kwa macho yake, na pembeni mwa Walton alikaa mtangazaji aliyeshika hesabu. NBC walimweka na Steve Jones, aliyewahi kucheza naye Portland, na ubishi wao ukawa sehemu ya matangazo. Redioni hakuna picha ya kukuokoa. Ukizungumzia mawese ya Mwandiga kwa sekunde 20, shambulizi zima limepotea.

Anza na robo moja tu. Rekodi kwa simu kwenye mechi ya shule bila kumrushia mtu yeyote, kisha usikilize usiku ukiwa na karatasi yenye safu tatu: mara ngapi hesabu ilitajwa, mara ngapi ulisema mpira uko wapi kabla ya kusema nani anao, na mara ngapi ulisema "eeh" au "kwa kweli". Wiki inayofuata shughulikia safu moja tu kati ya hizo.