Kuchunguza vihatarishi vya usonji tangu tumboni: kazi hii ingefanywaje Dar es Salaam

Anayetaka kujua kama jambo fulani la wakati wa ujauzito linaongeza uwezekano wa usonji aanze na hesabu, kabla hajaandika hata ombi la fedha. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa mwaka 2021 mtu 1 kati ya 127 alikuwa na usonji. Ukiandikisha wajawazito 2,000 kwenye kliniki za Temeke na Ilala, ukawafuatilia watoto wao hadi wafike miaka 4, tarajia watoto 16 hivi wenye usonji. Nao watu wa Dar wanahama. Kodi ya chumba imeisha, mama amekwenda kujifungulia kwao Lindi, laini ya simu imebadilishwa. Theluthi moja wakipotea unabaki na watoto 10 au 11, na kwa idadi hiyo huwezi kutenganisha kihatarishi na bahati. Norway waliandikisha wajawazito kuanzia 1999 hadi 2008, wakapata watoto zaidi ya 110,000. Sisi hatuna uwezo huo kwa sasa, na sioni faida ya kuuigiza kwa kundi dogo.

Njia ninayoiona inafaa hapa ni kuanza na watoto 300 ambao usonji wao umethibitishwa, na watoto linganishi 600 wa umri na jinsia ileile. Kwa kitu ambacho mama 1 kati ya 5 amekutana nacho, idadi hiyo inatosha kugundua uwiano wa odi (odds ratio, kipimo cha jinsi kitu hicho kinavyoonekana zaidi kwa kundi la usonji kuliko kwa linganishi) wa 1.6 kwenda juu, kwa nguvu ya kitakwimu, yaani nafasi ya kuuona uhusiano kama upo, ya asilimia 80 hivi. Linganishi watoke mtaa uleule, kwa msaada wa mwenyekiti wa serikali ya mtaa na orodha ya kaya. Wasichukuliwe wodini. Mtoto aliyefika Muhimbili na kupewa jibu la usonji mara nyingi ni yule ambaye wazazi wake walikuwa na nauli, muda na mtu wa kuwaelekeza; ukimlinganisha na mtoto aliyelazwa kwa nimonia, utapima tofauti ya kipato na kudhani umepima ujauzito.

Ugumu mkubwa uko kwenye kumbukumbu. Mama wa mtoto mwenye usonji ameshajiuliza usiku na mchana alikula nini, alimeza nini, alianguka wapi. Mama ambaye mtoto wake hana shida hajawahi kujiuliza. Ukiwauliza wote wawili miaka mitano baadaye, wa kwanza atakumbuka zaidi, na takwimu zako zitasema dawa ya mafua inaleta usonji. Kwa hiyo kila kinachoweza kutoka kwenye maandishi ya wakati ule kitoke huko: kadi ya kliniki ya mama, kitabu namba 6 cha MTUHA (mfumo wa taarifa za huduma za afya) cha wajawazito, kitabu namba 12 cha wodi ya uzazi. Piga picha kila ukurasa wa kadi siku ya kwanza unapokutana na mama na akakubali, kwa sababu kadi huloa, huchanika na hubaki kwenye nyumba ya zamani. Masimulizi ya mama na maandishi yakipingana, andika yote mawili, kisha fanya uchambuzi kwa maandishi peke yake uone kama matokeo yanasimama.

Umri wa mimba ni shida nyingine. Tarehe ya hedhi ya mwisho mara nyingi ni ya kukisia. Tengeneza kalenda ya matukio: mwanzo wa Ramadhani, Idi, masika, Saba Saba, shule kufunguliwa. Kama kuna ultrasaundi ya kabla ya wiki ya 14, itegemee hiyo, maana ile ya miezi ya mwisho inaweza kukosea kwa wiki tatu.

Umri huo una uzito kwa sababu vihatarishi vina majira. Mrija wa neva hufunga siku ya 28 hivi baada ya mimba kutunga, mama wengi wakiwa bado hawajajua. Kule Norway, utafiti wa watoto 85,176 uliochapishwa 2013 ulikuta usonji wa aina kali zaidi kwa asilimia 0.10 ya watoto ambao mama zao walitumia asidi ya foliki kati ya wiki 4 kabla ya mimba kuanza na wiki 8 baada ya kuanza, na asilimia 0.21 kwa wasiotumia. Sasa hapa Dar mama wengi huanza kliniki mimba ikiwa imeshapita miezi mitatu, ndipo wanapewa fefo, vidonge vya madini ya chuma na asidi ya foliki. Ukiandika kwenye dodoso “alitumia fefo: ndiyo au hapana”, hujapima walichopima wao. Andika wiki aliyoanza, na vidonge vingapi alimeza kweli, kwani wengi huviacha kwa kichefuchefu au kufunga choo.

Baadhi ya mambo yana ushahidi mzito. Sodiamu valproeti, dawa ya kifafa, ni mojawapo: Denmark 2013 walikuta usonji kwa asilimia 4.42 ya watoto waliokutana nayo tumboni, dhidi ya 1.53 kwa wengine. (Mama mwenye kifafa asiiache mwenyewe, degedege ni hatari kwake na kwa mtoto. Aende kwa daktari abadilishiwe, ikiwezekana kabla ya kushika mimba.) Rubela, ugonjwa wa virusi, ni nyingine: baada ya mlipuko wa New York wa 1964, usonji ulionekana kwa wingi usio wa kawaida kwa watoto waliozaliwa na maambukizi hayo. Tanzania ilianza kuchanja rubela pamoja na surua mwaka 2014, kwa hiyo mwaka aliozaliwa mama lazima uwemo kwenye dodoso.

Panadol ni somo la namna nyingine. Sweden, kwa watoto karibu milioni 2.5 waliozaliwa 1995 hadi 2019, ulinganisho wa kawaida ulionyesha ongezeko dogo la asilimia 5. Walipolinganisha ndugu wa tumbo moja, mmoja mama alimeza na mwingine hakumeza, ongezeko likatoweka. Ndugu wanagawana mama, nyumba na sehemu kubwa ya urithi, na urithi ndio unaobeba sehemu kubwa ya tofauti za usonji kati ya watu, takribani asilimia 80 katika tafiti kubwa. Kwetu kuna fundo la ziada: panadol humezwa kwa homa, na homa yaweza kuwa malaria. Homa, kipimo cha malaria, dawa ya malaria na panadol viwe maswali manne tofauti, kila kimoja na wiki yake.

Kwa mazingira ya Dar, ningeanza na moshi wa mkaa, pemba (udongo wanaokula wajawazito), mkorogo (krimu za kujichubua, zenye zebaki) na risasi (madini ya lead). Moshi unapimwa kwa pampu ndogo inayovaliwa karibu na pua. Ikivuta lita 2 kwa dakika, kwa saa 24 inapitisha mita za ujazo 2.88, kichujio kikiongezeka uzito kwa maikrogramu 230, wastani ni 80 kwa mita ya ujazo, wakati mwongozo wa WHO wa 2021 wa chembe ndogo sana za hewani (PM2.5) kwa saa 24 ni 15. Vihisio vya bei nafuu vinavyotumia mwanga hudanganya kwenye unyevu wa Dar: chembe hunywa maji, huvimba, kipimo kinapanda bila moshi kuongezeka. Viweke kwanza wiki mbili pembeni ya pampu yenye kichujio ndipo uviamini, na rudia zoezi hilo masika na kiangazi.

Zebaki inahitaji akili. Ya samaki na ya krimu za kujichubua ni aina mbili, na damu peke yake haikwambii imetoka wapi. Mkojo huonyesha hasa zebaki ya krimu, nywele huonyesha hasa zebaki ya samaki. Nywele hukua kama sentimita 1 kwa mwezi, hivyo sentimita 9 kutoka kichwani siku ya kujifungua ni ujauzito mzima, isipokuwa mama akiwa na rilaksa, dawa ya kulainisha nywele, ambayo huvuruga kipimo. Ushelisheli, ambako samaki ni chakula cha kila siku, utafiti wa 2013 haukuona uhusiano kati ya zebaki ya samaki tumboni na dalili za usonji. Mama wa Dar asitishwe na samaki.

Kwa risasi ya miaka iliyopita, shahidi mzuri ni jino la utoto. Meno ya mbele huanza kujengwa mimba ikiwa na miezi minne hivi, tabaka juu ya tabaka, na kuzaliwa huacha mstari unaoonekana kwa hadubini. Hayatakwambia lolote la miezi mitatu ya kwanza. Mpe mzazi bahasha ya karatasi mapema, mtoto akikaribia miaka 6, kabla jino halijarushwa juu ya paa. Kuzipeleka sampuli nje kunahitaji mkataba unaopitia NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu; uombwe pamoja na kibali cha maadili.

Uthibitisho wa usonji wenyewe usiharakishwe. M-CHAT-R, dodoso la kuchuja dalili za usonji, ina maswali 20, ni ya watoto wa miezi 16 hadi 30, na ni ya kuchuja tu. Swali la kutazamana machoni liulizwe kuhusu mtoto anavyocheza na mama yake, kwa kuwa mtoto aliyefunzwa heshima huinamisha macho mbele ya mgeni. Masikio yapimwe kwanza. Mtoto aliyekuwa akizungumza, akapoteza maneno baada ya malaria kali, awekwe kundi la peke yake. Watoto wa namna hiyo wamewahi kuelezwa katika utafiti wa Tanzania wa 2006, na chanzo chao hakitafutwi tumboni.

Kila mama asomewe, kabla ya kutia sahihi, kwamba hakuna anayetafuta kosa lake. Na majibu yarudi kwake. Mtoto au mama akikutwa na risasi ya maikrogramu 5 kwa desilita au zaidi, apigiwe simu wiki hiyohiyo, na mtu aende nyumbani kukagua pemba anayokula, rangi inayobanduka kwenye madirisha, na kama jirani anayeyusha betri za magari uani.