Praiveti Gant na Piano Yake

Nimeusikiliza wimbo "I Wonder" wa Cecil Gant, jina ambalo kwa Kiswahili lingekuwa "Najiuliza", mara nyingi kuliko ninavyoweza kukiri bila haya, na kila mara kinachonishangaza ni uchache wa vitu vilivyomo: mtu mmoja, piano moja na swali moja. Mwimbaji yuko mbali na mpenzi wake, mbalamwezi inang'aa, naye hajui mwenzake yuko wapi usiku huo. Piano haina haraka, na sauti ya mwimbaji imechoka kidogo, kama ya mtu aliyekwisha kuliuliza swali hilo jana na juzi.

Gant alizaliwa mwaka 1913 huko Columbia, katika jimbo la Tennessee. Mwaka 1944 alikuwa askari wa Jeshi la Marekani mwenye cheo cha chini kabisa, na husimuliwa kwamba mjini Los Angeles, katika mkutano wa hadhara wa kuuza hatifungani za kugharamia Vita vya Pili vya Dunia, aliomba apewe nafasi apige piano, akawaacha watu midomo wazi. Santuri yake ilipotoka, cheo chake kilichapishwa juu yake pamoja na jina: Praiveti Cecil Gant. Sidhani kama ilikuwa heshima tupu, kwa kuwa katika mwaka ambao karibu kila ukoo ulikuwa na kijana vitani, cheo hicho kilimwambia mnunuzi kwamba anayeuliza swali hilo ana sababu ya kuliuliza.

Ili kuelewa jinsi wimbo mnyonge namna hii ulivyopenya, ni lazima kutazama vita vilivyowafanyia nini wakubwa wa biashara ya santuri. Santuri za wakati ule zilitengenezwa kwa utomvu unaotolewa na wadudu wa India na nchi jirani, utomvu uleule uliotumika katika lakiri ya kufungia barua, na mwaka 1942 serikali ya Marekani ilipunguza mno kiasi ambacho viwanda viliruhusiwa kutumia. Mnamo tarehe 1 Agosti mwaka huohuo, chama cha wanamuziki kilichoongozwa na James Petrillo kiliwakataza wanachama wake kurekodi, kikidai malipo kwa ajili ya santuri zilizokuwa zikiwapokonya kazi. Kampuni ya santuri ya Decca ilikubali masharti mwezi Septemba 1943, lakini kampuni za RCA Victor na Columbia zilishikilia msimamo wao hadi Novemba 1944. Katika ukimya huo wa miaka miwili na zaidi, wadogo walipata pa kusimama.

Mmoja wao alikuwa Leroy Hurte, Mmarekani mweusi mwenye lebo ndogo ya santuri iitwayo Bronze mjini Los Angeles, ambaye ndiye aliyemrekodi Gant kwanza. Wateja walikuja kwa wingi kuliko nakala alizoweza kutengeneza, na upesi Gant akaurekodi wimbo upya kwa lebo nyingine ya hapohapo mjini, Gilt-Edge, ambayo ndiyo iliyousambaza nchi nzima. Inasemekana kwamba watumishi wa mabehewa ya kulala ya Pullman walizinunua santuri hizo Los Angeles na kuziuza kwa faida kubwa katika miji ya mashariki. Naipenda sana sehemu hii ya kisa, kwani kama ni kweli, basi reli ilifanya kazi ambayo redio haikuifanya.

Wimbo ulifika nafasi ya kwanza katika orodha ya jarida la Billboard iliyofuatilia muziki wa watu weusi, iliyoitwa Harlem Hit Parade. Ndipo wakubwa walipokuja mbio. Mwaka 1945 toleo la mpiga piano wa blues Roosevelt Sykes nalo lilishika nafasi ya kwanza, na Louis Armstrong akaurekodi mwezi Januari kwa Decca, akiwa na okestra kamili. Armstrong ni Armstrong, na sitathubutu kumkosoa, ila okestra ile inamzungushia mwimbaji watu wengi mno, na aliyezungukwa na watu hawezi kuonekana mpweke.

Gant aliendelea kurekodi, akarudi Tennessee, na mwaka 1946 akatoa "Nashville Jumps" kwa lebo ya Bullet, lakini mafanikio yale hayakujirudia. Alifariki Nashville mwezi Februari 1951, akiwa na umri wa miaka 37. Mwaka mmoja kabla ya hapo, Decca, kampuni ileile iliyotoa toleo la Armstrong, ilitoa santuri ya kasi ya Gant iitwayo "We're Gonna Rock", ambayo baadhi ya wasikilizaji leo huihesabu miongoni mwa watangulizi wa roki. Juu yake hapakuandikwa Praiveti wala Gant. Paliandikwa jina la bandia: Gunter Lee Carr.