Munkoyo wa kambo ulivyonipa kazi Lubumbashi

Baada ya kupata diploma ya serikali, yaani cheti cha kumaliza sekondari, nilizunguka na bahasha mkononi karibu miaka miwili. Wenzangu wengi wa mtaa wa Katuba walienda Kolwezi kuchimba madini. Mimi nilibaki, na kilichoniokoa ni kinywaji nilichokunywa tangu utotoni bila kukifikiria: munkoyo.

Kwa asiyeujua, munkoyo ni kinywaji cha mahindi cha huku Katanga, kusini mwa Kongo, na kwa jirani zetu wa Zambia. Si lazima kutia sukari, maana utamu wake unaletwa na mzizi unaochimbwa kwenye pori la miombo. Ukinywewa mapema haulevyi. Ukikaa siku nyingi unaanza kupanda kichwani.

Kambo, ndivyo tunavyomwita bibi huku kwetu, aliujifunza kwao upande wa Kasenga, kando ya mto Luapula. Nilimwomba anifundishe nikidhani ni shughuli ya asubuhi moja. Ilichukua miezi minne.

Siku ya kwanza nilipika uji, nikaponda mzizi hadi ukawa nyuzinyuzi, nikautumbukiza sufuria ikiwa bado inafuka. Uji ulibaki mzito vilevile. Kambo alichungulia, akasema: “Mujukuu, umeua mzizi.” Tukamwaga yote. Kesho yake alinishika mkono akazamisha kidole changu ndani ya uji. “Hesabu.” Nilipoweza kufika kumi bila kukitoa, akaniruhusu kutia mzizi. Nikakoroga. Punde si punde mwiko ukawa mwepesi mkononi, na uji ule uliokuwa umeshikamana ukawa majimaji kabisa. Shuleni nilifundishwa kwamba vimeng’enya hukata wanga kuwa sukari na kwamba joto kali huviharibu. Nilifaulu mtihani ule, lakini somo lenyewe nilikuja kulielewa siku hiyo, kidole kikiwa kwenye sufuria.

Mizizi nayo ina elimu yake. Kambo hakubali mzizi asioujua, hata uuzwe bei ya kutupa. Anaukwaruza kwa kucha, ananusa, ndipo analipa. Na mchimbaji anayeng’oa mmea mzima bila kubakiza kitu ardhini kambo hanunui kwake tena. Tukiendelea kukata miombo kwa ajili ya makala, yaani makaa ya kupikia, sijui wajukuu zangu watachimba wapi.

Nilianza na bidoni moja ya lita ishirini kwenye soko la Kenya, mtaa wa hapa Lubumbashi, mwezi wa kumi, jua likiwaka kabla ya mvua. Iliisha kabla ya saa nane. Nikapata tamaa, nikajaza chupa nyingi na kuzifunga kabisa. Usiku zilivimba, nyingine zikapasuka, maana munkoyo hauachi kuchacha kwa sababu umeufunga. Tangu hapo napika jioni, nachuja, nauza siku inayofuata, na ninachosafirisha mbali kinakaa kwenye barafu.

Jambo moja linaniuma. Vijana tunawaendea wazee, tunachota ujuzi wao, halafu tunaita biashara yetu peke yetu. Itifaki ya Nagoya, mkataba wa kimataifa wa 2010, inataka jamii zenye maarifa ya asili kuhusu mimea zipate fungu katika faida yake. Imeandikwa kwa ajili ya mataifa na makampuni, lakini mimi nimeipeleka hadi jikoni kwetu. Kila Jumamosi tunahesabu fedha kambo akiwepo, na fungu lake linatoka kwanza, kabla ya mahindi na usafiri. Mwanzoni alikataa, akisema mtu halipwi na mujukuu wake. Nikamwambia si zawadi, ni mshahara wa mwalimu.

Sasa tuko wanne, wasichana wawili na wavulana wawili. Nimewaleta wote kwa kambo, ingawa ningeweza kuwafundisha mwenyewe. Juzi yule mdogo zaidi alifika saba akatoa kidole haraka. Kambo akafunika sufuria, akamwambia akae tungoje.