Mabega yameshuka, tatizo lilikuwa magotini

Hatimaye! Leo nimesimama zhan zhuang, ule mkao wa kusimama tuli mikono mbele ya kifua, dakika 10 na shingo haijakaza. Mnaofanya qigong, haya mazoezi ya Kichina ya mwili na pumzi, mnajua balaa lenyewe: mikono ikishafika usawa wa kifua, mabega nayo yanakimbilia masikioni. Nikitoa pumzi yanashuka, nikivuta yamerudi palepale. Nimelegeza viwiko, nimeteremsha mikono hadi kitovuni, wapi. Nikalaumu kazi. Na kweli, ukiwa mtu wa mahesabu hapa Dodoma, Bunge la Bajeti likianza Aprili mpaka Juni inaisha, mabega si yako.

Jana jioni nikaegemea ukuta wa nyuma ya nyumba, visigino mbele kidogo. Ngumi yangu nzima ilipita kati ya kiuno na ukuta. Nikalegeza magoti taratibu, kifandugu kikaelekea chini, nafasi ikabana mpaka ngumi haipiti. Mabega yakashuka yenyewe. Nikakaza magoti makusudi: kiuno kinabinuka, kifua kinatokeza, mabega juu. Nikalegeza: chini. Juu, chini, kama mtoto aliyegundua swichi ya taa. Shati lote chokaa.

Bibi jirani akanikuta hapo.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba baba. Unauzuia usianguke?"

Viatu: raba za soli nene waachieni wakimbiaji, unyayo hausikii chochote. Mimi ni peku juu ya mkeka, ila kwa baridi ya Julai na upepo wetu huu wa vumbi, soksi sibishani nazo. Video nazo, tafuta mwalimu aliyekupa mgongo. Anayekutazama anakuvuruga kulia na kushoto. Na wale wanaofunika maelekezo kwa muziki wa filimbi wanakula bando bure.

Wiki hii nilipanga kuanza Baduanjin, ile qigong ya mikao minane, angalau ule mkao wa kwanza wa kuinua mbingu kwa mikono miwili. Nimeahirisha. Asubuhi kwenye daladala ya Mtumba nilisimama nimeshika bomba, magoti nimeyalegeza, mabega yakatulia njia nzima. Ila kila kona nikasikia mguu wa kulia umebeba mzigo kuliko wa kushoto. Sasa nataka kusimama juu ya mizani mbili za kupimia uzito, kila mguu na yake, nione tofauti ni kilo ngapi. Moja ninayo. Ya pili bado naiwinda.