Krismasi ambayo mjomba alisoma Luka

Kwa bibi yangu, Magomeni ya Bagamoyo, Noeli ilianza Dominika ya kwanza ya Majilio, yale majuma ya kuingoja Krismasi, pale mshumaa wa kwanza ulipowashwa mezani. Mitatu ilikuwa ya zambarau na mmoja wa waridi. Nyimbo za Noeli hazikuimbwa kabla ya mkesha, hata ungebembeleza vipi. Bibi aliamini kwamba asiyengoja hajui anachokipokea, na mimi naamini hivyo mpaka leo.

Pango la kuonyesha alivyozaliwa Yesu alilijenga mwenyewe kwa makuti na mabua, na sanamu alizifinyanga kwa udongo. Alitusimulia kwamba desturi hiyo ilianzia Greccio, Italia, mwaka 1223, Mtakatifu Fransisko wa Asizi alipotaka watu waone kwa macho yao umaskini aliozaliwa nao Bwana. Yule mtoto wa udongo hakuwekwa horini mapema. Alifungwa kwenye kanga, kanga ikatiwa sandukuni, na hori likabaki tupu majuma yote hayo. Mimi na binamu zangu tulikuwa tukilichungulia kila asubuhi.

Mwaka niliokuwa darasa la sita, mjomba alikuja kutoka Dar es Salaam na spika kubwa, taa za rangi na kofia nyekundu za kututosha watoto wote. Alikuwa ametukosa siku nyingi na alitaka tufurahi. Kufika alasiri ya tarehe 24, muziki ukafunguliwa. Hata salamu tukawa tunapeana kwa kupaza sauti. Bibi hakumgombeza. Alimwacha akamaliza kufunga taa, kisha akamwambia, "Baba, wewe ndiye mwanangu mkubwa. Jioni utatusomea Injili."

Mjomba alicheka, akadhani ni utani.

Jioni hiyo alikuwapo pia babu jirani, Mwislamu, aliyekuja kutuchinjia mbuzi. Ndivyo tulivyofanya siku zote, ili sahani ya pilau ikipelekwa mtaani kila mtu ale bila wasiwasi. Nao Idi hawakutusahau. Alikuwa amenawa, anasubiri kahawa. Bibi akamwomba akae.

Mjomba akazima spika, akapewa Biblia imefunguliwa Luka sura ya pili. Alianza kwa kujikwaa: "Siku zile amri ilitoka kwa Kaisari Augusto..." Alipofika pale mama anapomlaza mwanawe katika hori ya kulia ng'ombe, kwa sababu nafasi haikuwapo katika nyumba ya wageni, alinyamaza kidogo, akarudia mstari ule polepole. Niliusikia kana kwamba sijawahi kuusikia kanisani.

Babu jirani ndiye aliyezungumza kwanza. "Na sisi tunaye Maryamu. Uchungu ulimshikia penye shina la mtende, akaambiwa alitikise, zikamwangukia tende."

"Najua, kaka, na ninafurahi mnavyomheshimu," bibi akajibu. "Lakini sisi tunasema kwamba mtoto yule ni Mungu mwenyewe, amekuja kwetu kwa mwili."

"Hapo ndipo tunapoachana, dada."

"Ndipo hapo." Akammiminia kahawa.

Halafu akatugeukia sisi, akasema jambo ambalo hakuwa ametuambia kabla. Bibi yake yeye aliletwa Misheni akiwa mtoto mdogo, asiyejua hata jina la kijiji chao. Mapadre wa Roho Mtakatifu walifika Bagamoyo mwaka 1868, wakaanzisha kijiji cha watumwa waliokombolewa. Humo ndimo alimokulia. Wageni wakifika Misheni huonyeshwa mnara wa kanisa la zamani, ulipolazwa mwili wa David Livingstone mwaka 1874. Bibi alitaka tuwafikirie wale wa kijijini, waliowahi kupangiwa bei. Siku moja watu hao wakasimuliwa juu ya Mungu ambaye, kama Paulo anavyowaandikia Wafilipi, alitwaa namna ya mtumwa.

"Angeweza kuja kama sultani," alisema. "Bibi yangu angemkimbia."

Nimeishi mijini tangu hapo, nimeona Krismasi zikiwa msimu wa punguzo la bei na wa kushindana nani kaangusha sherehe kubwa. Sina ugomvi na nguo mpya wala pilau. Malaika aliwaletea wachungaji habari za furaha kuu, na furaha huliwa pia. Kinachoniuma ni mtoto kumaliza siku nzima ya sikukuu, ameshiba na kucheza, bila mtu wa nyumbani kumwambia nani amezaliwa na amekuja kutafuta nini kwetu. Kumwambia hakuhitaji fedha. Kunahitaji mtu mzima mmoja afungue kinywa.

Usiku ule tulikwenda Misa kwa miguu, tukapita njia ya miembe ya Misheni, mjomba akiwa amembeba binamu yangu mdogo mgongoni. Tuliporudi, bibi alimkabidhi mjomba ile kanga aifungue na kumweka mtoto horini. Taa zake za rangi akazihamisha zote kutoka barazani, akalizungushia pango. Muziki ulipigwa kesho yake baada ya chakula, na bibi alicheza.

Tangu mwaka ule msomaji wetu wa mkesha ni mjomba. Sasa anafundisha wajukuu zake kusoma ile sura, mmoja baada ya mwingine, kuanzia Majilio.